Dumu la Njano Baada ya Mafuta Kwisha

Kifungashio ni chombo kinachobeba bidhaa hadi mikononi mwa mlaji. Bidhaa ikishamiminwa, kazi ya chombo imekwisha, ila chenyewe kingalipo. Hapo ndipo anapoanzia Serge Attukwei Clottey, msanii wa Accra, Ghana, aliyezaliwa mwaka 1985. Malighafi yake ni dumu la njano la plastiki.

Madumu hayo huingia Ghana na mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, watu huyachotea maji. Wakati wa urais wa John Kufuor, kati ya 2001 na 2009, uhaba wa maji ulizidi, foleni za madumu zikawa ndefu hata yakaitwa magaloni ya Kufuor. Tusiharakishe basi kuliita dumu taka. Aliyelipanga foleni tangu alfajiri analihitaji kweli, na sisi huku tunalifahamu: mfuniko umepotea, limezibwa kwa gunzi.

Lakini dumu si kibuyu. Kibuyu kikipasuka huoza shambani. Dumu likipasuka huishia mtaroni au ufukweni, jua likalimeng’enya vipande vidogo visivyokwisha. Uimara uliolifanya lifae ndio huohuo unaolifanya liwe mzigo.

Clottey hulikata vipande vya mraba, huvitoboa na kuviunga kwa waya, kimoja baada ya kingine, mpaka lipatikane shuka kubwa la njano. Mikwaruzo ya miaka ya kubebwa huiacha ionekane. Mashuka mengine ameyatandika barabarani katika mtaa wake wa La. Mwaka 2021, kwenye maonyesho ya Desert X katika jangwa la California, alivika masanduku makubwa plastiki hiyo, akazungumzia safari ya kutafuta maji mahali ambako nako maji ni adimu.

Je, sanaa hii inapunguza taka? Kwa kilo, ni kidogo mno; hakuna karakana ya msanii iwezayo kushindana na kiwanda. Tufuate hesabu nyingine, ya fedha. Muuza mafuta hulipwa mara moja, siku ya kuuza. Gharama ya chombo huanza baadaye, na hulipwa na mtaa ambao haukuulizwa: mitaro inayoziba, fukwe zinazochafuka. Kwenye risiti haimo. Kwa maoni yangu, uzito wa kazi ya Clottey uko hapo: deni hilo analitundika ukutani, mbele ya watu ambao hawajawahi kupanga foleni ya maji.