Siku za Mahakama Hazingoji Mkutano

Chama cha ushirika kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria: chaweza kudai na kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo viongozi wa vyama vya msingi hawana budi kuziheshimu siku zinazowekwa na mahakama, maana mashauri mengine hupotea si kwa kukosa haki, bali kwa kuchelewa.

Tuchukue mfano. Mwenye lori anakidai chama nauli ya kusafirisha kahawa. Chama kimekwisha kumlipa, na stakabadhi zipo. Samansi inafika ofisini. Katibu anaipokea, anatia sahihi, kisha anaiweka katika jalada ingoje mkutano wa Bodi wa mwezi ujao. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania Bara (Sura ya 33), mdaiwa hupewa siku 21 tangu kukabidhiwa samansi ili awasilishe utetezi wake kwa maandishi. Kwa marekebisho ya mwaka 2019, mwenye sababu ya kutosha aweza kuomba nyongeza kabla ya siku hizo kwisha, au ndani ya siku 7 baada yake. Nayo nyongeza ni ya siku 10. Zikipita hizo, mdai aweza kuruhusiwa kuthibitisha madai yake peke yake, na hukumu ya upande mmoja ikatolewa. Stakabadhi zilizomo kabatini hakimu hatazisoma, kwa kuwa hakuna aliyezifikisha kwake. Kinachofuata ni kukazia hukumu: mizani na lori la chama huweza kukamatwa na kuuzwa, na fedha zilizo benki zikazuiwa.

Chama kinapokuwa mdai pia hakina salama. Kisipohudhuria siku ya kusikilizwa, shauri laweza kufutwa. Na mahakama ikiamuru hoja ziletwe kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, asiyezileta huhesabiwa kama aliyeshindwa kufika shaurini.

Je, mlango umefungwa kabisa? La. Chama chaweza kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, au kiongezewe muda. Lakini ombi hilo nalo lina muda wake, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kwamba kila siku ya kuchelewa, hata ikiwa moja tu, lazima itolewe maelezo. Mwombaji huangaliwa pia kama alifanya bidii au alizembea, na kama kuchelewa kwake kumepita kiasi. Kusema kwamba Bodi haikukutana, au kwamba wakili alisahau, kwa kawaida hakutoshi.

Basi vyama vifanye hivi. Kwanza, samansi iandikwe tarehe siku ile ile ilipopokelewa, na siku ya mwisho iandikwe ukutani. Pili, Bodi impe Katibu idhini, mapema na kwa muhtasari, ya kumwona mwanasheria bila kungoja mkutano. Tatu, stakabadhi na mikataba ya shauri ikusanywe mara moja. Nne, kila mwakilishi anayetoka mahakamani arudi na amri na tarehe zake kwa maandishi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo hili tumbo litakaloumia ni la mkulima aliyeleta kahawa yake ghalani.