Fahamu: 'Female', kivumishi chenye mitego
Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri iliyotoa fasili ya neno la Kiingereza 'female': mtu ambaye tangu kutungwa mimba ni wa jinsi inayotoa seli kubwa ya uzazi, yaani yai. Hiyo ni lugha ya maabara. Mtaani neno lina mambo mengine.

Kwa fundi umeme au fundi bomba, 'female' ni upande wenye tundu, unaopokea 'male'. Mafundi wetu nao husema jike na dume, na hakuna anayecheka. 'Female' likiwekwa mbele ya neno la daktari au rubani, ni kivumishi tu. Balaa huanza linapogeuzwa nomino: mwanamume akisema 'females' akimaanisha wanawake, wengi husikia dharau, kama vile mtu aseme "majike" mbele ya mama zake na shangazi zake.

Na anayedhani limezaliwa na 'male' amekosea. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, 'femelle', lenye asili ya Kilatini. Tahajia ndiyo iliyogeuzwa baadaye, maneno hayo mawili yakafanana kama ndugu.