Mkutano wa London 2009: mgawanyo uliamuliwa wapi?

Tarehe 2 Aprili 2009 viongozi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, walimaliza mkutano wao London kwa kuahidi dola trilioni 1.1 za kuinusuru dunia na mtikisiko wa uchumi. Nusu mwaka kabla ya hapo benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilikuwa imefilisika, benki zikaacha kuaminiana, na biashara ya dunia ikaporomoka. Ahadi ile hutajwa kama fungu moja, lakini yalikuwa mafungu manne. Dola bilioni 500 zilikuwa za kuliongezea Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uwezo wa kukopesha, bilioni 250 za kugharamia biashara ya nje, na bilioni 100 za mikopo ya benki za maendeleo. Fungu la nne, bilioni 250 nyingine, lilikuwa la SDR, akiba ya kimataifa inayotolewa na IMF. Hilo ndilo linalofaa kuchunguzwa, kwa kuwa linaonyesha vizuri kuliko mengine jinsi mapatano ya aina hii yanavyofikiwa.

Tuanze na ubishi wenyewe. Marekani na Uingereza zilitaka serikali zote ziongeze matumizi ili kuchochea uchumi. Ujerumani na Ufaransa hazikutaka ahadi mpya za matumizi. Zilidai kwanza benki zidhibitiwe na maficho ya wakwepa kodi yabanwe. Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa alifikia kutishia kuususia mkutano. China nayo ilikuwa na hoja yake: siku kumi kabla, gavana wa benki kuu yake, Zhou Xiaochuan, alichapisha andiko akitaka SDR ipewe nafasi kubwa zaidi ili dunia isiitegemee mno sarafu ya nchi moja.

SDR ni nini basi? Si noti wala sarafu, na huwezi kununulia kitu dukani. Ni haki ambayo IMF humpa mwanachama, ya kupata dola, euro au fedha nyingine kubwa kutoka kwa wanachama wenzake. Ilianzishwa mwaka 1969. Nchi ikiibakiza inahesabiwa katika akiba yake ya fedha za kigeni. Ikiitumia inalipa riba, ambayo mwaka 2009 ilikuwa ndogo sana. Haiambatani na masharti ya kubana bajeti, na kwa nchi maskini hilo ni jambo kubwa.

Sasa tuone kwa nini wote waliikubali. Serikali inayoahidi fedha taslimu lazima irudi bungeni kuziomba. Marekani iliahidi kuikopesha IMF hadi dola bilioni 100, na ahadi hiyo ilibidi ipitishwe na Bunge mwezi Juni 2009, ikiwa imewekwa ndani ya muswada wa fedha za vita. SDR haitoki katika bajeti ya nchi yoyote. Sheria ya Marekani inamruhusu Waziri wa Fedha kuunga mkono utoaji wake bila kibali kipya cha Bunge, ilimradi fungu la Marekani lisizidi hisa yake katika IMF. Ruhusa hiyo ni muhimu kwa dunia nzima, kwani uamuzi wa kutoa SDR unahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 15. Bilioni 250 zilikuwa sawa na takriban asilimia 74 ya hisa zote, kwa hiyo zilikaa ndani ya mpaka huo.

Hapo limejitokeza neno hisa, na ndipo penye kiini cha jambo. Hisa ni kiasi ambacho kila nchi imepangiwa kuchangia IMF, kwa kufuata hasa ukubwa wa uchumi wake. Katika ushirika wa akiba na mikopo, mwanachama ana kura moja hata kama hisa zake ni chache. IMF haiendi hivyo: hisa ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa uzito wa kura, na ndiyo inayoamua pia nani apate SDR kiasi gani.

Matokeo yake yalionekana tarehe 28 Agosti 2009, SDR zilipotolewa. Marekani, ambako mtikisiko ulianzia, ilipata thamani ya karibu dola bilioni 43. Tanzania, ambayo haikuuza hata moja ya mikopo mibovu ya nyumba iliyozua balaa lile, ilipata takriban dola milioni 230. Nchi zote zinazoinukia na zinazoendelea kwa pamoja zilipata kama bilioni 100.

Je, Afrika haikusema? Ilisema. Wiki tatu kabla ya London, tarehe 10 na 11 Machi, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania na mkuu wa IMF, Dominique Strauss-Kahn, waliwakutanisha mawaziri wa fedha na magavana wa benki kuu wa Afrika jijini Dar es Salaam. Ndani ya ukumbi wa London, Afrika Kusini ilikuwa mwanachama pekee wa G20 kutoka bara hili, na Meles Zenawi wa Ethiopia alialikwa kwa niaba ya NEPAD, mpango wa Afrika wa maendeleo. Waliweza kudai kiasi kiwe kikubwa. Jedwali la hisa lenyewe halikubadilishwa pale.

Kwa maoni yangu, basi, kosa ni kuupima ushindi wa mazungumzo kwa ukubwa wa kiasi kilichotangazwa. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, zilitolewa SDR za dola bilioni 650, na Afrika nzima ikapata kama bilioni 33. Tangu hapo viti vimeongezeka: Umoja wa Afrika uliingia G20 Septemba 2023, na Novemba 2024 Afrika kusini mwa Sahara ilipata kiti cha tatu katika bodi ya IMF. Hayo ni maendeleo ya kweli, na walioyapigania wanastahili sifa. Lakini Desemba 2023, magavana wa IMF walipoidhinisha hisa ziongezwe kwa asilimia 50, kila nchi ilipangiwa nyongeza kwa uwiano uleule, na mgawanyo ukabaki ulivyokuwa.