Anatetemeka: Ni Baridi au Ni Malaria?

Hebu fikiria. Saa nne ya usiku, mvua imenyesha tangu jioni, mko watano ndani ya hema mlimani, na mwenzenu mmoja anatetemeka mpaka meno yanagongana. Zahanati iko mbali, njia ni utelezi mtupu. Utafanya nini?

Hayo yalitupata sisi, mwezi wa saba, juu ya Uchindile. Tulitoka Ifakara Ijumaa kwa treni, tukalala Mlimba kwa shangazi wa mwenzetu, na asubuhi tukaendelea kupanda. Kama hujawahi kupita reli ile ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nakushauri uipite mchana. Baada ya Mlimba bonde linaisha, inakuwa ni milima, madaraja na mahandaki mpaka Makambako. Sisi tukashuka Uchindile na mabegi, sufuria moja na mahema mawili ya kuazima.

Mama mmoja mwenyeji alitutazama tulivyovaa fulana na kandambili. Tukamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akasema, "Wanangu, masweta yenu yako wapi?" Tukacheka. Si tumetoka Ifakara, tunachemka kila siku?

Kumbe kosa letu lilikuwa hapo. Ifakara iko kiasi cha mita 250 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Makambako ni zaidi ya mita 1,600. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto la hewa hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Ongeza upepo, ongeza nguo zilizolowa, na mwili unapoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, hata kama hakuna theluji wala barafu, mtu yuko hatarini.

Turudi hemani. Mmoja wetu akasema, "Huyo ni malaria, mpeni dawa," akatoa mfukoni vidonge vinne alivyobakiza siku za nyuma. Mwingine akaanza kuvuta jiko la mkaa kuliingiza ndani. Wote wawili walikuwa na nia njema, na wote wawili walikosea. Kosa la pili lingeweza kutuua sote watano.

Mkaa uliokolea hauna moshi, ndiyo maana watu wanauamini. Lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta inakamata damu yako mahali pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu, unalegea, unadhani ni usingizi. Hema lililofungwa kwa sababu ya mvua ni kama chumba kisicho na dirisha. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, liwe linawaka au linazimika. Na nyumbani ni hivyo hivyo, hasa ninyi mnaosoma usiku na jiko chini ya meza wakati wa baridi.

Sasa mgonjwa. Utajuaje kama ni baridi au homa? Usiguse mikono yake, maana hata mwenye homa inayopanda anaweza kuwa na mikono ya baridi. Gusa kifua au tumbo. Tumbo la mwenzetu lilikuwa baridi kama la samaki. Tukamvua nguo zilizolowa (aibu iliwekwa kando), tukamvalisha kavu, tukamfunika kichwa, tukaweka majani makavu na blanketi chini yake, kwa sababu ardhi nayo inanyonya joto. Wawili wakalala kumbana huku na huku. Kwa kuwa alikuwa macho na anameza vizuri, tukampa chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe hapana! Inakudanganya kwa kukupa joto la ngozi huku joto la ndani likitoka.

Kutetemeka kwenyewe ni mwili unajitafutia joto. Ogopa zaidi pale mtu anapoacha kutetemeka na bado ni wa baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka au anapepesuka. Huyo abebwe taratibu apelekwe kwa mganga, hata kama ni usiku.

Mwenzetu alipata nafuu kabla ya alfajiri. Ila yule wa vidonge hakukubali. "Lakini mbu walituuma jana Mlimba!" Ni kweli walituuma, chandarua tulikiacha chini ya mzigo. Ila malaria haiji kesho yake. Vijidudu vikishaingia vinakaa kwanza kwenye ini, na kwa kawaida homa huanza baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo mtu akipata malaria siku ya pili ya safari, aliondoka nayo nyumbani.

Na mbu wa bondeni si wa kuchezea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walihesabu kwamba mkazi wa Namawala, karibu na Ifakara, angeweza kuumwa na mbu mwenye malaria karibu kila usiku. Hali imebadilika sana tangu vyandarua vyenye dawa vilipoenea, lakini mbu bado wapo. Kwenye baridi kali ya milimani vijidudu hukua polepole mno ndani ya mbu, chini ya nyuzi 18 hivi vinashindwa kabisa. Hatari yetu ilikuwa Mlimba, si kule juu.

Siku ya kumi na moja baada ya safari, nani alipata homa? Yule yule wa vidonge. Safari hii tumbo lilikuwa la moto. Akaenda zahanati, akamweleza mganga kwamba alilala Mlimba bila chandarua, akatobolewa kidole, na ndani ya dakika kama 20 majibu yakatoka: malaria. Akapewa dawa mseto ya siku tatu. Siku ya pili alishajisikia mzima, akataka kuweka akiba vidonge vilivyobaki.

Dada yake alikaa naye mpaka akameza cha mwisho.