Dozi ya Pili ya Surua: Aliyepitwa Bado Anachanjwa

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wa miaka miwili au mitatu, uangalie palipoandikwa miezi 18. Kadi nyingi zimejazwa vizuri mpaka miezi tisa, halafu basi. Miezi ya mwanzo mama huitwa kwenye sindano kila baada ya wiki chache, anazoea. Baada ya miezi tisa hakuna sindano mpaka mwaka na nusu. Mtoto anakimbia, mama karudi shambani au sokoni, tarehe inapita.

Wengi hudhani dozi ya pili ni nyongeza tu. Sivyo. Mtoto wa miezi tisa bado ana mabaki ya kinga ya mama yake, na kinga hiyo huweza kuvizima virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili haujavitambua. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, karibu 15 hubaki bila kinga, na kwa macho huwajui. Dozi ya pili ipo kwa ajili yao. Surua nayo haingoji: virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Aliyepitwa aende tu. Hakuna kuanza upya. Mwenye dozi moja anamaliziwa ya pili. Asiye na hata moja, au aliyepoteza kadi, hupewa mbili zilizoachana angalau wiki nne. Kurudia chanjo hakumdhuru aliyekwisha kuipata.

Kikwazo kingine kiko kituoni. Chanjo hii huja ikiwa unga, kichupa kimoja dozi 10. Ukishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu, kinachobaki hutupwa. Muuguzi akiona mtoto mmoja, humwambia mama arudi siku ya watoto wengi. Naielewa hofu ya kuulizwa dozi tisa zimekwenda wapi, lakini hesabu hiyo ni mbovu. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana mama aliyetoka mbali akirudishwa, mara nyingi harudi tena.

Sindano hii ya surua hukinga pia rubela: Tanzania iliingiza chanjo ya surua-rubela mwaka 2014, kwa kampeni ya watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Msichana aliyeikosa wakati huo, leo huenda yuko katika umri wa kuzaa. Kwake rubela ni homa nyepesi na vipele; kwa mimba changa ni mtoto kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi au tundu kwenye moyo. Achanjwe kabla ya kushika mimba, kisha angoje mwezi mmoja, kwani mjamzito hapewi chanjo hii.

Matubwitubwi hayamo katika chanjo ya serikali; chanjo ya magonjwa yote matatu hutafutwa hospitali binafsi, kwa kulipia.

Surua-rubela ni bure katika vituo vya umma, na mafua au kikohozi si sababu ya kuahirisha. Kama kadi ya mwanao ina pengo, ipeleke kliniki wiki hii, na mtoto mwenyewe.