Taka za Maraba: Biashara Inayokwama Kabla ya Kufika kwenye Lori

Mjadala wa taka mjini Kakamega ukianza, huanza na lori. Yako mangapi, yapi mabovu, na lini yatanunuliwa mengine. Ni mjadala wa haki, ila unaruka sehemu ya kazi iliyo ngumu na ghali zaidi katika mitaa kama Maraba na Amalemba, nayo ni zile mita mia mbili au mia tatu kutoka mlango wa mpangaji hadi mahali ambapo lori linaweza kusimama.

Njia za huko ni za udongo mwekundu. Kakamega ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi Kenya, na baada ya manyunyu ya alasiri mkokoteni uliojaa huhitaji watu watatu, mmoja akivuta mbele na wawili wakisukuma, magurudumu yakizama kila hatua. Gunia lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana. Ukilifungua utakuta maganda ya ndizi, magunzi, mashina ya sukuma wiki, vikonyo vya mrenda, majivu ya makaa yaliyolowa na, siku hizi katika karibu kila ploti, pampasi. Chupa za plastiki ni chache, kwa sababu zimeshaokotwa. Kuna soko la chupa, mitungi na chuma chakavu, na soko hilo lina watu wanaoamka alfajiri.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 107,227 mjini Kakamega. Sera ya taifa ya usimamizi wa taka hukadiria kwamba Mkenya mmoja huzalisha wastani wa nusu kilo ya taka kwa siku, na kwamba kati ya asilimia 60 na 70 ya taka hizo ni za kuoza. Kwa hesabu hiyo mji huu huzalisha tani zipatazo 53 kila siku, na zaidi ya tani 30 kati ya hizo ni maganda na mabaki ya chakula. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya dizeli huchomwa kusafirisha maji yaliyomo ndani ya maganda hadi jaa la Rosterman, kule ambako mgodi wa dhahabu wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1952.

Tuangalie sasa mfukoni mwa wanaozoa. Chukua mfano wa kikundi cha vijana wanne wanaohudumia ploti 30 zenye vyumba 12 kila moja. Kila chumba kikitoa shilingi 100 kwa mwezi, kikundi kinapaswa kupata shilingi 36,000. Lakini mpangaji mmoja amehama usiku, mwingine amelala njaa, wa tatu anasema taka zake ni kidogo na atazitupa mwenyewe. Theluthi moja wasipolipa, zinabaki 24,000. Ni shilingi 6,000 kwa kila kijana kabla ya kununua glavu, buti na magunia au kubadilisha gurudumu lililopasuka. Hakuna mtu wa kudumu katika kazi ya namna hiyo. Kikundi kikivunjika, ploti zote 30 hurudi kutupa mtaroni, na aliyekuwa akilipa huona hana sababu ya kuendelea.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mteja wa huduma hii awe ploti, asiwe chumba. Mwenye nyumba tayari anakusanya kodi, na mara nyingi ada ya maji huipitisha humo humo. Shilingi 100 zikiingia kwenye kodi na kutumwa kwa M-Pesa mara moja kwa mwezi, kikundi kinakuwa na wateja 30 wa kufuatilia badala ya 360. Najua hatari yake: wapo wenye nyumba watakaotumia ada ya 100 kupandisha kodi kwa 500. Hapo manispaa inapaswa kutangaza kiwango waziwazi, mtaa kwa mtaa, ili mpangaji ajue anachotozwa.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya uzoaji taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaongeza wajibu wa kutenganisha taka za kuoza na zisizooza zinapozalishwa, na ikazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka. Utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu nao unatoa mwanya wa kuvipa vikundi kandarasi rasmi, kila kimoja na eneo lake, bila kuvamiana.

Hapa lazima tahadhari itolewe. Kaunti za Kenya zina sifa mbaya ya malimbikizo ya madeni kwa wanakandarasi. Kampuni yenye akiba inaweza kusubiri malipo mwaka mzima. Kijana wa mkokoteni hawezi kusubiri wiki mbili. Kwa hiyo pesa za mlangoni zisipitie ofisi ya kaunti hata kidogo. Ziende moja kwa moja kwa kikundi, nayo kaunti igharimie kontena la kando ya barabara, lori na jaa. Mji wa Pune nchini India ulifuata njia inayokaribiana na hii mwaka 2008, manispaa ilipotia saini mkataba na ushirika wa SWaCH, unaomilikiwa na waokota taka wenyewe, wengi wao wanawake. Kaya huwalipa wazoaji ada, na wanachouza kwa wanunuzi wa chakavu ni chao.

Na maganda je? Kakamega ina bahati ambayo mtaa wa Mathare jijini Nairobi hauna: ukitembea nusu saa kutoka Lurambi uko shambani. Wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wako pembezoni mwa mji, na mashamba ya magharibi mwa Kenya yanajulikana kwa udongo wenye asidi uliochoka. Mbolea ya ruzuku imeuzwa shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50 tangu 2023. Mboji haichukui nafasi yake, lakini huurudishia udongo uhai, na mkulima atainunua kwa sharti moja tu, kwamba isiwe na vioo wala betri. Sharti hilo halitimizwi jaani. Linatimizwa jikoni kwa ndoo mbili, na kijana anayerudi kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa, kwa sababu ndoo ya maganda ikikaa wiki nzima chumbani hakuna mama atakayekubali kutenganisha tena.

Zinabaki pampasi. Hazina mnunuzi, hazifai kwa mboji, na zikikosa wa kuzichukua huishia kwenye vijito vinavyoelekea Mto Isiukhu. Hizi ndizo taka ambazo fedha za umma zinapaswa kuzibeba kwa ukamilifu. Kakamega ilikuwa miongoni mwa miji 15 iliyoingizwa mwaka 2011 katika mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kuboresha makazi duni kwa barabara, mifereji na taa. Mtaro uliojengwa kwa mkopo na kuzibwa na pampasi humwaga maji yake chumbani kwa mpangaji yule yule uliyekusudiwa kumsaidia. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wakazi wa Maraba na Amalemba waende na ombi mahususi: kontena lifike karibu, siku ya lori ijulikane, na kikundi cha mtaa kipewe eneo lake kwa maandishi.