Miaka 13 ya kungoja albamu moja: Tool na mashabiki wake



Munajua vile inakuaga pale msanii anatangaza kama albamu iko njiani. Siku ya kwanza ni furaha. Kisha tarehe inasogezwa, kisha tena. Watu wanaanza kuuliza: "Ile albamu njo itatoka lini?" Mmoja anasema ameisikia kwa rafiki wa studio, mwingine anasema ni uongo mtupu. Sisi Wakongomani tunaijua sana hiyo hali, juu orkestre zetu zimetuzoesha. Lakini leo tuangalie kungoja kwa watu wengine, wa muziki mwingine kabisa: mashabiki wa Tool, kundi la Marekani la rok progresivu. Hao walingoja miaka 13. Na ndani ya kungoja kwao kuna swali moja linalotugusa hata sisi ambao hatusikilizi rok: msanii ako na deni gani kwa watu wanaomupenda?

Kwanza, rok progresivu ni nini? Ni tawi la rok lililochipuka Uingereza mwisho wa miaka ya 1960. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969, kisha Yes, Genesis, Jethro Tull na Pink Floyd wakajulikana sana miaka ya 1970. Wazo lao lilikuwa hivi: kwa nini wimbo wa rok ubaki dakika tatu, sawa vile redio inataka? Wakachukua mpangilio wa muziki wa klasiki na uhuru wa jaz, wakatengeneza nyimbo za dakika kumi, ishirini. Mwaka 1972 Jethro Tull walifanya albamu nzima kuwa wimbo mmoja, ukajaza pande mbili za sahani. Kwa mtu aliyekulia kwenye rumba, wimbo murefu hauogopeshi. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, inakaribia robo saa, na hakuna anayelalamika, juu kila mtu anajua seben inakuja. Shabiki wa rok progresivu naye anasikiliza hivyo: anajua kuna kitu mbele, anakubali kukingoja.

Tool walianza Los Angeles mwaka 1990. Ni watu wane: Maynard James Keenan anaimba, Adam Jones anapiga gitare, Danny Carey anapiga ngoma, na Justin Chancellor anapiga bas tangu 1995. Muziki wao ni mzito, karibu na metal, ndiyo maana wengine wanawaweka upande ule. Lakini mwaka 2001 walizunguka Marekani wakipiga pamoja na King Crimson wenyewe, wazee wa hiyo njia. Mtoto anajulikana kwa baba yake.

Sasa, juu ya nini wanachukua muda mrefu hivyo? Tuangalie namna wanavyofanya kazi. Jones, Chancellor na Carey wanaingia kwenye chumba cha mazoezi, wanapiga, wanarekodi vipande, wanavigeuza, wanatupa vingine, wanarudilia. Hapo hakuna maneno hata moja. Ni pale tu wimbo umekwisha kusimama ndipo Keenan anaandika maneno na kutafuta mahali pa kuweka sauti yake. Donc, kama wale watatu hawajakubaliana, mwimbaji naye hawezi kuanza. Na wale watatu wanapenda hesabu ngumu. Kwetu rumba inahesabika vizuri: moja, mbili, tatu, nne. Ndani ya "Lateralus", wimbo wao wa mwaka 2001, kuna sehemu inayohesabiwa mpaka tisa, kisha nane, kisha saba, halafu inaanza upya. Wakaona kama 987 ni mojawapo ya namba za Fibonacci, zile namba ambamo kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, na kuendelea. Ukienda nazo polepole, ya kumi na sita njo 987. Keenan akapanga silabi za maneno yake kwa mfuatano huo huo: silabi moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, kisha zinashuka. Muliosoma hesabu munaelewa kama kazi ya namna hiyo haiishi kwa wikendi moja.

Lakini tusiseme ni ubunifu tu. Albamu yao ya nne, "10,000 Days", ilitoka Marekani tarehe 2 mwezi wa tano 2006. Jina lake linahesabu siku, karibu miaka 27, ambazo mama ya Keenan aliishi na ugonjwa wa kupooza mpaka kufa kwake 2003. Kisha kimya. Sababu zikaongezana moja juu ya ingine. Ya kwanza ni tribinali. Mwaka 2014 walieleza kama kwa miaka mingi walikuwa kwenye kesi: mtu alidai haki juu ya kazi ya picha, kampuni ya asiransi ikaingia, kundi nalo likaishitaki, na mambo yakazidi kupanuka. Kesi ilimalizika 2015. Mtu ambaye amekwisha kukimbizana na avoka anajua: hata kama haukuibiwa franka, unaibiwa kichwa. Uwezi kutunga kitu kizuri asubuhi na kusoma karatasi za tribinali mangaribi. Ya pili ni kazi zingine. Keenan ako na makundi mengine mawili, A Perfect Circle na Puscifer, na tena analima mizabibu na kutengeneza divai kule Arizona. Ya tatu ni umri: watu wakisha kuoa na kuzaa, hawarudi tena kulala kwenye studio sawa vijana wa miaka 22.

Na huko nje, mashabiki? Tupime huo muda kwa kipimo chetu. "10,000 Days" ilitoka miezi mitatu mbele ya uchaguzi wetu wa 2006. Ukaja uchaguzi wa 2011. Ukaja wa 2018. Rais mpya akaapishwa mwezi wa kwanza 2019, na Tool walikuwa hawajatoa kitu. Mtoto aliyezaliwa siku ya ile albamu alikuwa amefika sekondari. Simu ya iPhone haikuwepo wakati ule, Spotify vilevile. Watu walinunua ile ya 2006 kwa diski, na wakati ingine inatoka, wengi walikuwa hawana hata mashine ya kuichezesha.

Kungoja kwa namna hiyo kunazaa desturi zake. Kwanza uvumi: kila neno la mpiga ngoma lilichambuliwa sawa andiko takatifu. Kisha mizaha: "albamu ya Tool" ikawa namna ya kusema jambo ambalo halitafika kamwe, sawa vile sisi tunasema barabara fulani itatengenezwa. Kundi lenyewe lilikuwa limewazoesha michezo. Mwanzoni mwa 2001, kwa kuogopa wizi wa nyimbo kwenye intaneti, walitangaza jina la uongo la albamu, "Systema Encéphale", na orodha ya nyimbo 12 ambazo hazikuwepo. Mwezi mmoja nyuma wakasema ukweli: inaitwa "Lateralus". Kwa hiyo shabiki wa Tool alijifunza kutoamini hata kinywa cha wenyewe.

Na kulikuwa pia upande wa giza. Wengine walikasirika kweli, wakatukana, wakasema hawa watu wanatudai heshima na hawafanyi kazi. Hapo njo swali letu linaingia. Ukinunua tiketi ya konseri na msanii hakuja, uko na haki ya kudai pesa yako. Lakini albamu ambayo haijatungwa, ulilipa nini? Hakuna mkataba. Kuna upendo tu, na upendo ukikaa sana bila jibu unaanza kujidanganya kama ni deni.

Mwaka 2018 waliingia studio na Joe Barresi, aliyekuwa amefanya nao kazi pia kwenye albamu ya 2006. Mwanzoni mwa 2019 ikajulikana kama sauti za Keenan zimekwisha kurekodiwa. Hapo angalieni vile habari ilitoka hatua kwa hatua, juu ni somo zuri kwa wale wanaosoma komunikasyo na biashara. Tarehe 5 mwezi wa tano, kwenye konseri Florida, walipiga nyimbo mbili mpya, "Descending" na "Invincible". Siku mbili nyuma, kule Alabama, tarehe ilionekana kwenye skrini: 30 mwezi wa nane. Hakuna hotuba, ni tarehe tu. Tarehe 2 mwezi wa nane wakafungua mlango ambao walikuwa wameufunga miaka yote: albamu zao za zamani zikaingia Spotify na Apple Music kwa mara ya kwanza. Mbele ya hapo walikuwa wanakataa, wakisema albamu ni kitu kimoja, na picha zake na mpangilio wake, haiuzwi kwa vipande. Tarehe 7 ukatoka wimbo wa kwanza, "Fear Inoculum", wa dakika zaidi ya kumi. Ukaingia nafasi ya 93 kwenye Billboard Hot 100, na wakati ule ulikuwa wimbo murefu kuliko wote waliowahi kuingia hiyo orodha. Rekodi hiyo ilidumu mpaka 2023, pale André 3000 alipoivunja.

Kisha albamu yenyewe ikafika, siku 4,868 nyuma ya ile ya 2006. Na kwa wakati ambao dunia ilikuwa inaacha diski, wao walitengeneza kisanduku: ndani kuna diski, kitabu cha picha, skrini ndogo ya kuchaji inayoonyesha video, na spika yake. Bei yake ilikuwa juu sana kupita diski ya kawaida, lakini ziliisha. Juma la kwanza albamu ilihesabiwa vipimo 270,000 kule Marekani, ikashika namba moja, ikamuondoa Taylor Swift ambaye "Lover" yake ilikuwa na juma moja tu. Nyimbo kubwa karibu zote zinapita dakika kumi. Mwezi wa kwanza 2020, "7empest", wa dakika 15, ukapewa Grammy ya metal.

Je, ilistahili kungoja? Wapenzi wenyewe hawakukubaliana. Wengine walisema ni kazi ya watu waliokomaa: inajenga polepole, ngoma za Carey zinaongea, na ukiisikiliza mara ya tano njo inafunguka. Wengine walisema hapana, sauti ya Keenan inakuja kidogo sana, hasira ya zamani imepoa, nyimbo zinajirudilia. Mimi ninaona wote wako na sababu, na naona pia kitu ambacho kungoja kunafanya. Kichwani mwa kila shabiki kulikuwa albamu yake mwenyewe, aliyoitunga kwa miaka 13, na hiyo haina kosa hata moja. Hakuna kundi duniani linaloweza kushindana na albamu ambayo haijatoka. Aliyengoja kusikia Tool wa 2006 alihuzunika, juu wale watu hawakuwepo tena, na yeye mwenyewe pia hakuwa tena yule kijana. Aliyekubali kusikiliza watu waliokomaa, wakiongea sawa wazee, alipata kitu.

Donc, deni liko wapi? Kwa maoni yangu msanii hana deni la haraka, ako na deni la ukweli. Asitangaze tarehe anayojua ni uongo, asiuze kitu ambacho mwenyewe hakiamini kwa sababu tu watu wanapiga kelele. Tool wangeweza kutoa albamu mwaka 2010, nyimbo kumi za haraka, na zingeuzwa. Hawakufanya hivyo. Lakini shabiki naye si mtumwa: ana haki ya kuchoka, kwenda kusikiliza wengine, na kurudi siku anapotaka. Kuna muziki mwingi duniani wa kujaza miaka 13.

Sisi vijana tuliotoka yunivasite tunaijua hii hesabu kwa upande mwingine. Familia inatungoja: "Diplome iko, kazi njo lini?" Kuna kungoja ambako mtu anafanya kazi ndani yake, anapiga, anatupa, anarudilia, hata kama hakuna anayeona. Na kuna kungoja kwa kukaa tu na kutoa sababu. Kwa nje vinafanana kabisa, ndiyo maana watu wanatutukana sawasawa. Tofauti inaonekana paka siku mlango unafunguliwa.

Nyuma ya 2019 mashabiki wa Tool wameanza tena. Mwaka 2022 kundi lilitoa toleo jipya na refu la "Opiate", wimbo wao wa zamani wa 1992, na wapenzi wakaanza mara moja kuuliza juu ya albamu ya sita. Wamekwisha kujua kama hawatapewa jibu. Wanauliza tu, sawa mtu anayepita kwa jirani na kusema hodi, hata kama anajua mwenye nyumba angali shambani.